QUID inazunguka tu angani kama tiara: hiki ni kikosi gani?

Mtoto wa Igoma

Heshima kwenu wakuu. Nina ugonjwa mpya: usingizi ukigoma nafungua ile programu ya kufuatilia ndege kwenye simu. Jana nimekesha na ndege moja karibu saa tatu nzima. Iliruka kutoka Mildenhall, Uingereza, ikavuka bahari, ikafika juu ya Poland, halafu ikaanza kuzunguka. Inanyoosha, inakata kona, inarudi ilikotoka, inakata kona tena, kama mwanafunzi aliyepewa adhabu ya kukimbia uwanja wa shule. Haitui, haiendi kokote. Jina lake la redio ni QUID na tarakimu mbili, aina ya ndege KC-135.

Kutafuta kwangu kumeishia hapa: ni ndege ya kujazia mafuta ndege nyingine hewani, na mwenye nayo ni kikosi cha 100 cha Jeshi la Anga la Marekani. Zaidi ya hapo kila ukurasa umeandikwa kijeshi, vifupisho vitupu. Mwenye nondo anisaidie: kikosi hiki kimetokea wapi, na hiyo kazi inafanyikaje bila watu kuungua?

Fundi Redio Tandika

Hiyo ni ya kijasusi mkuu. Hayo ya mafuta ni danganya toto. Ndege gani inazunguka saa tatu bure?

Mzee wa Boza

Fundi Redio, jasusi anayetangaza jina na mwinuko wake mpaka Igoma wanamwona atakuwa jasusi mjinga. Ingawa sikulaumu sana. Za kijasusi zinatumia uwanja huo huo wa Mildenhall, zinaitwa RC-135, na ukizitazama kwa mbali zimefanana na hii kama Kulwa na Doto. Lakini QUID ni boza.

Nijitambulishe. Nimejaza mafuta ndege miaka 31, chini siyo juu, kwenye uwanja ambao sitautaja. Sasa nimestaafu, nakaa kwa binti yangu Suffolk, mashariki mwa Uingereza, na hizo QUID zinapita juu ya kamba yetu ya nguo. Mjukuu anazitambua kwa mlio. Mimi nazitambua kwa mkia: kuna herufi D ndani ya mraba. Ukitaka historia ya kikosi, anzia kwenye hiyo D, maana ina umri mkubwa kuliko ndege inayoibeba.

Mwaka 1943 D hiyo ilikuwa kwenye mikia ya B-17, ndege za mabomu zenye injini nne. Kikosi cha 100 kilipiga kambi Thorpe Abbotts, kijiji cha Norfolk, na tarehe 25 Juni kikaenda vitani mara ya kwanza. Tarehe 17 Agosti kikatumwa Regensburg, Ujerumani. Kiliwekwa mkiani mwa msafara, tena chini kabisa, pale ambapo fisi huanzia kula. Ndege 9 zikapotea siku hiyo. Zilizopona hazikurudi Uingereza, kwa mpango uliokuwapo zilivuka milima ya Alps zikatua Afrika Kaskazini, matangi yakiwa karibu makavu.

Kisha tarehe 10 Oktoba, Münster. Kati ya ndege 13 za kikosi hicho ilirudi moja. Moja! Ni ile ya rubani Robert Rosenthal, nayo ilirudi na injini mbili zimekufa. Ndipo wenzao wakaanza kuwaita Mia wa Damu.

Kuna hadithi inapendwa sana, kwamba ndege yao moja ilishusha magurudumu kuonyesha imesalimu amri, halafu ikawageuka Wajerumani waliokuja kuisindikiza ikawapiga, na tangu hapo wakawekewa kisasi. Mimi siiamini. Ukiwekwa mkiani mwa msafara, chini, huhitaji kisasi cha mtu ili uliwe.

Mpaka vita inakwisha walikuwa wamekwenda misheni 306. Mei 1945 ndege zile zile zikadondosha vyakula Uholanzi, watu walikokuwa wanakufa njaa. Mnara wao wa kuongozea ndege bado upo, umekuwa makumbusho, una kibanda cha vioo juu ya paa. Nilimpeleka mjukuu. Ukisimama pale juu unaona mashamba tu. Njia za kurukia zimeng'olewa sehemu kubwa. Mtoto akaniuliza, "Babu, mafuta walikuwa wanaweka wapi?" Nikaangalia huku na huku, nikaona aibu, miaka 31 kwenye kazi na sijui nimwonyeshe wapi.

Baada ya vita namba 100 ikahamishwahamishwa kama mtoto wa mtumishi wa serikali. Miaka ya 1956 hadi 1966 ilikuwa Pease, New Hampshire, na ndege za mabomu za jeti, B-47, pamoja na maboza ya angani ya KC-97. Sasa cheka kidogo. KC-97 ilikuwa ya propela, B-47 ni jeti. Boza likikimbia kwa nguvu zake zote, jeti nyuma yake inakaribia kuanguka kwa kwenda polepole. Dawa waliyoipata ni kuteremka pamoja, boza linashuka mlima usioonekana ili lipate mwendo, jeti linafuata nyuma linanywa. Walikuwa wanajaza mafuta huku wanaporomoka.

Kisha Arizona, na ndege za upelelezi za U-2. Mwaka 1976 wakahamia Beale, California, na kwangu mimi hapo ndipo patamu, wakapewa kazi ya kuinywesha SR-71, ile nyeusi iliyozidi mwendo wa sauti mara tatu. SR-71 ikiwa chini ilivuja mafuta kama ndoo iliyotoboka, kwa sababu mabati yake yaliachiwa nafasi yapate pa kutanukia yakishapata joto la mwendo. Iliruka na mafuta kidogo, ikapanda, ikaenda moja kwa moja kwenye boza. Na haikunywa wanachokunywa wengine. Mafuta yake yaliitwa JP-7, magumu kuwaka, kwa kuwa ndege yenyewe ilikuwa inachemka mwili mzima. Kwa hiyo KC-135 za Beale, zilizopewa herufi Q mwishoni, ziliweza kubeba mafuta ya aina mbili bila kuyachanganya, ya mgeni upande wake na ya kuendeshea injini zake zenyewe upande wake.

Mjaza mafuta yeyote atakuambia jasho la jambo hilo. Sisi tulikuwa na mafuta ya jeti na yale ya ndege ndogo za propela. Haya ya pili yana rangi ya buluu, ya jeti hayana rangi au yana umanjano kidogo. Ukitia ya jeti kwenye kindege cha pistoni kinaweza kuwaka vizuri, kikatembea vizuri, kikaruka vizuri, halafu kikazimika kikiwa juu ya paa za watu. Kila asubuhi nilikinga mafuta kwenye chupa ya kioo, nikainyanyua kwenye mwanga, nikatafuta maji na rangi. Hao wa Beale walifanya uangalifu huo huo, ila duka lao lilikuwa hewani.

Kikosi kikavunjwa 1983, jina likafufuliwa baadaye, na tarehe 1 Februari 1992 kikawekwa Mildenhall kikiwa kikosi cha kujaza mafuta. Kwa gari kutoka Thorpe Abbotts hata saa moja na nusu hazifiki. Skwadroni inayorusha hizo QUID ni ya 351, namba ya mojawapo ya skwadroni nne zilizokwenda na B-17. Na wakaruhusiwa kuchora ile D mkiani. Mwaka 2015 Wamarekani walitangaza kwamba wataufunga uwanja na kuhamisha ndege, watu wa huku wakaanza kuuza nyumba. Mwaka 2020 wakasema hapana, tunabaki.

Mtoto wa Igoma

Shikamoo mzee. Hii siyo nondo tena, ni nguzo ya umeme. Lakini hujaniambia inajazwaje. Na kwa nini inazunguka?

Mzee wa Boza

Marahaba mwanangu. Vidole vya kizee, nilipumzika.

Inazunguka kwa sababu ni kituo. Boza limepangiwa mahali, mwinuko na saa, linakwenda na kurudi kwenye mstari ule ule ili wateja walikute. Wateja huwaoni kwenye simu yako kwa sababu ndege za vita mara nyingi hazijitangazi. Ulipoona QUID imenyoosha, inawezekana kulikuwa na wanne wamepanga foleni pembeni ya bawa wanangoja zamu, na programu yako inakuonyesha ndege moja pweke.

Namna ya kujaza ziko mbili. Ya kwanza ni mpira mrefu wenye kikapu mwishoni, rubani anayepokea anachomeka mrija wake ndani ya kikapu. Ya pili, ambayo ndiyo ya KC-135, ni bomba gumu linaloteremshwa kutoka chini ya mkia, wao wanaliita bumu. Bumu lina vibawa viwili vidogo, kwa hiyo linarushwa kama ndege ndani ya ndege. Anayelirusha analala kifudifudi nyuma kabisa, kidevu kwenye mto, anaangalia nje kupitia dirisha. Mteja anakuja chini yake mpaka mita 12 hivi, wote wakikimbia zaidi ya kilomita 500 kwa saa. Mteja anatulia, hatafuti bomba. Mwendesha bumu ndiye anayelilenga kwenye tundu, anasukuma, linajifunga, mafuta yanashuka. Kwa ndege kubwa yanaweza kwenda zaidi ya tani mbili kwa dakika. KC-135 ikijaa inabeba tani 90 hivi za mafuta. Boza letu lilikuwa la lita 20,000, yangehitajika matano na ushee kuijaza.

Umeuliza kuungua. Kinachoogopwa zaidi ni kugongana. Mmoja akiona mwenzake anasogea vibaya, anatamka kwenye redio neno la kuachana mara tatu, na hapo hakuna maswali. Bumu linachomoka, boza linaongeza moto na kupanda, mteja anapunguza na kushuka. Kila mtu anajua upande wake kabla hawajakutana.

Nalielewa hilo kwa mwili wangu. Zamu moja ya usiku dereva wetu aliondoa boza wakati mpira bado umeshika bawani. Kuna breki ya kujifunga ambayo hukataa gari lisiondoke mpira ukiwa nje. Ilikuwa mbovu wiki nzima na sote tulijua. Nilisikia mlio kama wa muwa unavunjwa gotini. Kiungio kilikatika pale pale kilipotengenezwa kikatikie, la sivyo ingeng'oka bawa, lakini mafuta yaliyokuwa kwenye mpira yalinimwagikia mpaka ndani ya viatu. Nilikimbia kubonyeza kitufe cha kuzima, nikateleza, nikakibonyeza kwa kiwiko. Nilinuka mafuta ya taa mpaka Jumapili na mama watoto alinilaza sebuleni. Sisi tulikuwa na ardhi ya kuangukia.

Mtoto wa Igoma

Bumu ninalolijua mimi ni la chuoni, nalo tunalisubiri tumelala kifudifudi vile vile.

Binti wa Kisubi

Nawasalimu kutoka Entebbe, mnisamehe Kiswahili changu. Mzee, sisi huku habari ya mafuta tunaijua. Baba yangu alikuwa anatusimulia usiku wa Julai 1976, Waisraeli walipokuja kuchukua watu wao waliokuwa mateka hapa uwanjani. Alisema kama Nairobi ingekataa kuwapa mafuta, wangekwama. Ni kweli? Na hizi Sukhoi, ndege za vita za jeshi letu, nazo zinaweza kunywa hewani?

Mzee wa Boza

Karibu sana binti yangu, Kiswahili chako hakina kasoro.

Baba yako alisema kweli. Zile ndege zao nne za mizigo, Herkules, zilitoka karibu kilomita 4,000, zikiwa hazina boza la angani la kuzifuata, na mafuta ya kwenda na kurudi hayakutosha. Walikuwa wamefikiria hata kunyonya mafuta ya hapo hapo Entebbe, jambo ambalo kwa mtu wa kazi yangu linachekesha na kutisha, maana kuunganisha pampu gizani, huku watu wanarushiana risasi, siwezi kukuambia linachukua muda gani. Mwishowe walitua Nairobi, wakajaziwa, wakaondoka. Idi Amin aliikasirikia Kenya sana kwa hilo. Operesheni nzima watu wanaikumbuka kwa makomando. Mimi namfikiria yule mjaza mafuta wa zamu ya usiku Embakasi, aliyeamshwa akaambiwa vuta mpira.

Sukhoi zenu Su-30 zina mrija wa kupokelea pale puani, wa kukunja. Mrija upo, wa kuutilia mafuta hayupo. Afrika Mashariki hakuna jeshi lenye boza la angani.

Ila kikosi hiki cha D kimefanya kazi juu ya Afrika. Januari 2013 Wafaransa walipoingia Mali, ndege zao nne za vita aina ya Rafale ziliruka kutoka Saint-Dizier, kaskazini mashariki mwa Ufaransa, zikapiga Mali, zikatua N'Djamena, zaidi ya saa tisa hewani. Walikuwa na maboza yao, ndugu wa KC-135, lakini hayakutosha. Mwisho wa mwezi huo skwadroni ya 351 ikahamia Morón, Hispania, ikawa inashuka mpaka Mali kuwahudumia. Sasa Rafale haipokei bumu, inataka kikapu. Kwa hiyo KC-135 inafungiwa mpira mfupi wenye kikapu kwenye ncha ya bumu, na hilo linafanyika chini kabla ya kuruka. Ukishafungiwa kikapu, siku hiyo wa bumu huwezi kumhudumia. Marubani wenyewe hawakipendi hicho kikapu, kina chuma kizito na kimevunja mirija ya wengi.

Nyongeza moja, kwa kuwa tumeitaja Nairobi. Oktoba 1934 uwanja wa Mildenhall ukiwa mpya kabisa, mashindano ya ndege kwenda Melbourne yalianzia hapo. Mmoja wa marubani wawili walioshinda ni Tom Campbell Black, aliyekuwa rubani wa Wilson Airways ya Nairobi, hiyo hiyo iliyotupa jina la uwanja wa Wilson. Walitua Baghdad, Allahabad, Singapore, Darwin, na Charleville, kila mahali wakitafuta mafuta, na bado walifika ndani ya siku tatu. Na kumwagiana mafuta hewani kulishajaribiwa: Juni 1923, San Diego, ndege moja ilimteremshia nyingine mpira, wa chini akaudaka kwa mkono.

Fundi Redio Tandika

Nimekubali, siyo jasusi. Lakini si watengeneze tangi kubwa tu waache usumbufu?

Mzee wa Boza

Tangi kubwa lina uzito, na mafuta unayoyabeba yanakula mafuta. Ndege ya vita ikibeba mabomu na matangi yaliyojaa inahitaji njia ndefu ya kurukia, ndiyo maana inaruka na mafuta pungufu, ikashiba huko juu. Hesabu yake ikipotea inachekesha. Mwaka 1982, kwenye vita yao na Argentina, Waingereza walitaka ndege moja ya mabomu, Vulcan, itoke kisiwa cha Ascension ikapige uwanja wa Stanley, visiwa vya Falkland, zaidi ya kilomita 6,000 kwenda tu. Walirusha maboza 11 aina ya Victor. Maboza yakawa yanajaza maboza, moja linageuka, lingine linaendelea, ili mwishoni Vulcan moja ifike na mabomu 21. Njia ya ndege iligongwa na bomu moja.

Mtoto wa Igoma

Mzee, swali la mwisho nikalale. Hiyo KC-135 yenyewe ikiishiwa inajazwa na nani?

Mzee wa Boza

Hapo umenigusa. KC-135 nyingi haziwezi kupokea mafuta hewani, hazina tundu la kupokelea. Zinagawa tu. Kwa hiyo ikiona imebaki na ya kurudia nyumbani inafunga duka, hata kama wateja bado wako foleni, inarudi Mildenhall, inasimama, na mtu mmoja mwenye glovu anatembea nayo mpaka chini ya bawa akiburuta mpira. Leo huku kuna baridi ya nyuzi 2 na mvua ya upande. Namwonea huruma.